Nyumba ya Chama au Nyumba ya Jamaa?
Hotuba iliyosomwa na Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetuagiza tulete mbele yenu jambo lililoachwa bila kukatwa katika mkutano uliopita. Baadhi ya wanachama walitoa shauri kwamba fedha zilizomo katika mfuko wa watoto zijengewe nyumba ya mayatima, yenye mabweni mawili, jiko na ua, na jina la chama chetu liandikwe langoni. Wengine wakasema la, mtoto hana haja ya lango, ana haja ya watu. Maneno yakawa mengi, jua likachwa, na mkutano ukafungwa. Basi tumeombwa tueleze jambo hili kwa utulivu, tukitazama mila zetu, sheria za nchi, na yale yaliyokwisha kujaribiwa hapa kwetu, kisha ninyi wenyewe mpige kura mkijua mnachokipigia.

Kwanza twapenda kuwakumbusha jinsi mtoto alivyokuwa akilelewa, kwani vijana wengi waliomo humu ukumbini wameyasikia mambo haya kwa mbali tu. Katika nchi ya Embu mtoto hupewa jina la babu au nyanya yake kwa utaratibu unaojulikana, kwa hiyo azaliwapo huwa amekwisha kuwa na mahali pake katika mlolongo wa jamaa hata kabla ya kujua kulia vizuri. Katika Meru mtoto ni wa mwiriga, yaani ukoo, wala si wa baba na mama peke yao. Na zaidi ya ukoo kulikuwa na gichiaro, agano la udugu baina ya ukoo na ukoo au baina ya watu wa sehemu mbili, ambalo mtu hakuthubutu kulivunja. Mwenzako wa gichiaro akija na haja hukuweza kumrudisha mikono mitupu. Mtoto aliyefiwa na wazazi hakutafutiwa mahali. Mahali palikuwapo tangu zamani, na swali lilikuwa ni la mzee gani wa jamaa atakayemchukua.

Hatusemi kwamba mambo yote ya kale yalikuwa mazuri. Walikuwako watoto waliolelewa na jamaa wakafanywa wachunga mbuzi huku wenzao wakienda shule, na mashamba ya mayatima yalipotea mikononi mwa ami zao. Mzee yeyote mwenye kusema kweli ajua kesi za namna hiyo. Lakini twasema kwamba utaratibu ulikuwapo, ukiwa na watu wa kuulizwa, na mtu mwovu aliweza kuitwa mbele ya kiama akajibu. Mtoto aliyefungiwa katika bweni la mbali hana kiama cha kumwitia mtu.

Sasa tuingie katika jambo lenye kuumiza, nalo ni la wasichana, maana humo mna fundisho kubwa kuliko yote tutakayoyasema leo. Mwaka 1956, mwezi wa Aprili, Njuri Ncheke ya Meru ilikata shauri kwamba tohara ya wasichana ikome. Bwana D.C. wa siku hizo alilitaka jambo hilo, na wazee wakalipitisha kwa sauti moja. Amri yenyewe, tukiitazama leo, ilikuwa na lengo jema, kwani madhara ya ukeketaji twayajua: damu nyingi, maumivu ya maisha, na hatari wakati wa kujifungua. Lakini tazameni namna ilivyotolewa. Wazee wanaume walikaa na serikali ya kigeni, katikati ya Hali ya Hatari, wakaamua neno ambalo tangu kale lilikuwa mikononi mwa akina mama na baraza lao. Mama hakuulizwa. Nyanya hakuulizwa. Hata msichana mwenyewe hakuelezwa ni njia gani nyingine itakayomfanya mtu mzima mbele ya wenzake.

Ikawaje? Wasichana wakanunua nyembe madukani, wakaenda vichakani, wakatahiriana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, maana yake, "Nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana na wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuivunja amri ile. Watu walitozwa faini, na bado nyembe zikaendelea kufanya kazi. Zamani msichana alikaa faraghani siku nyingi akifundishwa na kulishwa na kutunzwa na wanawake waliomzidi umri. Msichana wa Ngaitana alipata jeraha tu. Kisu kikabaki, mafunzo yakapotea. Ni vigumu kufikiri amri njema iliyozaa matunda mabaya kuliko hiyo.

Twapenda mfananishe na jambo lililotokea miaka arobaini baadaye katika Tharaka, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Meru. Mwaka 1996, katika mtaa wa Gatunga, akina mama wa Maendeleo ya Wanawake, wakisaidiwa na shirika liitwalo PATH, walikaa na jamaa zipatazo thelathini. Mama walizungumza na mama, na mabinti wakazungumza na shangazi zao. Wakakubaliana kwamba mafunzo ya unyago yarudi na kisu kiachwe. Wakaliita jambo hilo Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa njia ya maneno. Wasichana walikaa faraghani juma moja, kila mmoja akiwa na mwanamke wa kumsimamia kama kungwi. Wakafundishwa habari za mwili, usafi, uzazi, heshima, kusema hapana, na desturi njema za kwao. Na siku ya kutoka kukawa na ngoma, nyimbo, zawadi na hotuba za wazazi, hata mtaa mzima ukashuhudia kwamba hawa si watoto tena.

Desturi hiyo ilienea katika wilaya nyingine, na maelfu ya wasichana wakapitia humo. Lakini tusiitukuze kupita kiasi. Mwaka 2001 wataalamu walioichunguza katika Tharaka na sehemu nyingine walieleza kwamba sherehe peke yake haibadili moyo wa mtu. Ilifaa mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kuzungumza kwa muda mrefu na jamaa zimekata shauri. Mahali ambapo watu walileta ngoma na vyeti bila mazungumzo, wasichana walikula pilau wakarudi nyumbani, na baadaye wengine wakakatwa. Hayo ndiyo twayataka mwakumbuke, maana chama kama chetu kina tamaa ya sherehe. Sherehe hupigwa picha. Mazungumzo ya jioni katika jiko la mama fulani hayapigwi picha.

Kwa nchi nzima, kati ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa 38 katika kila mia mwaka 1998. Mwaka 2022 walikuwa 15. Sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji imefanya kazi yake, shule zimefanya kazi yake, makanisa pia. Hata hivyo twaamini kwamba mahali palipobadilika kwa kweli ni pale mama alipopewa nafasi ya kusema kwanza.

Habari za wavulana ni fupi zaidi, lakini yafaa wazee wazisikie bila kugeuza uso. Jando bado liko, nalo ni heshima yetu. Zamani kijana alikuwa na mlezi wa jandoni aliyejulikana kwa tabia yake, na vijana wakubwa walikuwa na gaaru yao, ambamo kulikuwa na nidhamu iliyowazidi hata wao wenyewe. Leo, kila mwezi wa Desemba, mvulana huwekwa katika kibanda nyuma ya nyumba, na wanaoingia kumfundisha ni vijana wa rika lililomtangulia kwa mwaka mmoja au miwili. Wamfundisha nini? Kunywa, kuvuta, kutukana mama yake, na kutoa pesa ili asipigwe. Baba yuko kazini Nairobi, na akirudi Krismasi humkuta kijana amepona kidonda naye ameugua tabia. Tena siku hizi hata wakati wenyewe umevurugika. Zamani kila mzazi alijua kwamba mwana ataingia jandoni akimaliza darasa la nane; mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa wengine wawapeleka watoto wakitoka gredi ya sita, wangali wadogo mno, na wengine wasubiri gredi ya tisa.

Hapa kwetu mfano upo. Hospitali ya Chogoria, iliyoanzishwa na misheni ya Scotland mwaka 1922, ilianza tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwapokea wavulana katika likizo ya Desemba. Walitahiriwa na waganga kwa vyombo safi, kisha wakakaa pamoja faraghani wakifundishwa na watu wazima waliochaguliwa kwa kazi hiyo: habari za mwili, za ugonjwa wa ukimwi, na za wajibu wa mwanamume katika nyumba yake. Makanisa mengine yamefuata njia hiyo hiyo. Wazee wengine wamelalamika kwamba hilo ni jando la kizungu. Sisi twaona kwamba faragha imebaki, rika limebaki, mafunzo yamebaki. Kilichobadilika ni wembe na mwalimu. Na kama wazee wataka mwalimu awe mzee wa ukoo wala si mhubiri, basi na waende wakafundishe, kwani hakuna aliyefunga mlango.

Na tukiwa bado katika habari za vijana, neno moja juu ya miraa na muguka. Twajua kwamba mmea huu hulipa karo za shule katika Igembe na katika Mbeere, na mwaka 2024 kaunti kadhaa za pwani zilipoukataza muguka, wakulima wetu walilia kwa haki. Lakini wazee wenyewe ndio wasemao kwamba zamani miraa ilikuwa ya wazee, ya kupelekwa katika posa na katika baraza, na kijana aliyekutwa akitafuna aliulizwa amepewa na nani. Siku hizi mtoto wa miaka kumi na miwili huacha darasa apande mti kuchuma, na jioni hutafuna sehemu ya mshahara wake. Kama mila ni mila, basi na hiyo ifuatwe.

Sasa twaja kwenye neno ambalo halmashauri ilituomba tuliseme kwa adabu lakini tusilipunguze. Ni juu ya mashauri ya watoto walioharibiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, imewapa wazee heshima kubwa: mahakama zaamriwa kuendeleza njia za jadi za kupatanisha watu, na mwezi wa Agosti 2020 idara ya mahakama ilitoa sera nzima juu ya haki ya namna hiyo. Kwa ugomvi wa mpaka, wa ng'ombe, wa mume na mke wasioelewana, wa urithi, kiama ni bora mara nyingi kuliko wakili. Hata hivyo kifungu hicho hicho chasema kwamba njia za jadi zisivunje haki za mtu. Mtoto akinajisiwa, hilo si shauri la mbuzi. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006 haimpi baba wala ami ruhusa ya kulimaliza jambo hilo kwa fidia.

Wala msifikiri kwamba sheria hiyo iko Nairobi tu. Tarehe 27 Mei 2013, hapa hapa katika Mahakama Kuu ya Meru, Jaji Makau alitoa hukumu iliyosikika duniani kote. Wasichana kumi na mmoja waliletwa mbele yake kwa msaada wa Ripples International, shirika lenye makao yake Meru, wakilalamika kwamba walinajisiwa na polisi hawakufanya uchunguzi wa haki. Jaji akasema kwamba polisi kwa kuzembea kwao walivunja haki za watoto hao zilizomo katika Katiba, akaamuru uchunguzi ufanywe ipasavyo. Ikiwa askari wa serikali amehukumiwa kwa kulala juu ya jambo kama hilo, mzee wa kiama anayelifunika kwa mbuzi wawili atajiteteaje? Tena tuulize, mbuzi hao huliwa na nani? Mtoto hawali.

Kazi ya mzee katika shauri la namna hiyo iko, nayo ni kubwa: kumpeleka mtoto hospitalini siku ile ile kabla hajaogeshwa, kuhakikisha kwamba taarifa imeandikwa, kuwazuia jamaa wa mkosaji wasiitishe nyumba ya mtoto, na mtoto akirudi, kumrudishia heshima yake mbele ya ukoo ili asitajwe kwa fedheha. Hayo mahakama haiwezi kuyafanya. Ni mila peke yake iwezayo.

Na hapo twarudi kwenye nyumba ya mayatima. Wako watu wasemao kwamba nchi zilizoendelea ndizo zilizotufundisha kujenga nyumba hizo, kwa hiyo ni maendeleo. Lakini nchi hizo zenyewe zimekwisha kujuta. Kule Canada zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji wa asili walichukuliwa kwa miaka mingi wakapelekwa katika shule za bweni, wakakatazwa lugha zao. Mwaka 2015 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilieleza hasara yake, na mwaka 2019 Bunge lao likatoa sheria ya kuyarudishia mataifa hayo madaraka juu ya watoto wao. New Zealand ilitangulia: tangu mwaka 1989, mtoto akiwa mashakani, sheria huwaita kwanza jamaa zake wakae baraza, kwa kufuata desturi ya Wamaori. Mzee wa Meru akisoma sheria hiyo atacheka, maana ataona kiama chake kimeandikwa na Wazungu. Huenda atamkumbuka Bwana Lambert, aliyekuwa D.C. hapa katika miaka ya 1930, aliyeichunguza Njuri kwa bidii, kisha akawa mtaalamu wa Kiswahili. Hata yeye aliona kwamba utawala usiopitia kwa wazee haufiki nyumbani kwa mtu.

Serikali yetu pia imegeuka. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yautambua ulezi wa jamaa, na katika mwaka huo huo ukatangazwa mpango wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwatoa watoto katika nyumba za mayatima na kuwarudisha katika jamaa. Watoto wengi walioko katika nyumba hizo wana mzazi mmoja aliye hai, au nyanya, au shangazi. Waliwekwa humo kwa sababu ya umaskini: nyanya hakuwa na karo, au paa lilivuja, au godoro halikutosha. Basi ni kwa nini tumjengee mtoto bweni la mawe, na nyanya yake abaki na paa lenye kuvuja?

Tena liko jambo la lugha, nalo ni dogo katika hesabu lakini kubwa katika malezi. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 imependekezwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali pake. Wazazi wengi hawataki, wakidhani Kiingereza cha mapema ni akiba. Bwenini mtoto hatasikia Kimeru wala Kiembu kwa mtu mzima ampendaye. Atajua maneno ya amri tu. Nyanya humpa hadithi, vitendawili na majina ya mito, naye hapokei mshahara.

Kwa hiyo halmashauri yaleta shauri hili. Nyumba isijengwe. Fedha za mfuko zitumike kwanza kwa jamaa wanaolea mtoto wa ndugu aliyefariki au asiyejiweza: sare za shule, mabati, godoro, na nauli ya kwenda ofisi ya watoto ili ulezi uandikishwe kwa sheria, na shamba la mtoto liandikwe kwa jina lake. Jamaa wenye haki ya kupata msaada wa serikali wa Inua Jamii, ambao ni shilingi 2,000 kwa mwezi, wasaidiwe kuomba, kwani wengi hawaombi kwa kuogopa makaratasi. Kila ukoo uchague mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kumtembelea mtoto huyo kila mwezi na kuandika katika daftari walichokiona. Tumesema mwanamke, na halmashauri haitapokea jina la mwanamume peke yake. Mkumbuke mwaka 1956. Kwa Desemba ijayo, mfuko ulipie nusu ya gharama ya wavulana wasiojiweza watakaokwenda hospitalini na kukaa faraghani chini ya wazee watakaochaguliwa na mkutano huu, na vijana wa chini ya miaka 30 wasiruhusiwe kuingia vibandani bila mzee.

Wanachama watakaopinga wana haki ya kupinga, na Mwenyekiti atawapa nafasi baada ya chakula. Twaomba tu kwamba atakayesema tuijenge nyumba, aseme pia ni nani atakayelala humo usiku mtoto akilia, na ni nani atakayemwoza au kumwombea posa akikua.

Majina ya jamaa wanaolea watoto yaletwe kwa karani kabla ya mwisho wa mwezi wa Oktoba, yakiwa na jina la ukoo, idadi ya watoto, na jina la shule. Wasiojua kuandika waje wenyewe ofisini siku yoyote ya soko, tutawaandikia, wala hakuna malipo.